Gofu ya Visahani: Kiwanja cha Kulipia au Ufuo wa Bahari?

Mkaazi wa Mombasa anayetaka kucheza raundi ya gofu ya visahani, mchezo wa kurusha kisahani hadi kiingie kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo, ana njia mbili za kufikiria: kulipia kiwanja cha biashara kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, au kubeba vikapu vya kuhamishika hadi ufuoni maji yanapokupwa.

Kiwanja cha kulipia humpa mchezaji sakafu imara ya kurushia, ramani, na vikapu vya minyororo vya muundo uliobuniwa na Ed Headrick wa Marekani katika miaka ya 1970. Kubwa zaidi, naona, ni miti, kwa kuwa mchezaji hulazimika kuamua kama atakipitisha kisahani kushoto au kulia kwa shina, na uamuzi huo ndio roho ya mchezo wenyewe.

Ufuo hauna kiingilio, lakini una upepo. Kusi inapovuma, kisahani kinachorushwa kuukabili upepo huinuka na kupinduka upande usiotarajiwa, ilhali kile kinachosukumwa na upepo kutoka nyuma huanguka mapema; kwa hiyo anayejifunzia hapo hupata mkono mtulivu na mazoea ya kurusha chini. Mchanga, hata hivyo, huteleza mguuni, na kisahani kizito kikiangukia majini huzama. Watu wanaopita pia ni wengi, na usalama wao hutangulia mchezo.

Kwa mwanagenzi ningechagua ufuo asubuhi na mapema, kabla ya waogeleaji kufika. Kwa anayehesabu alama, kiwanja cha kulipia kinastahili gharama yake.