LISST-Holo kwenye maji ya Tanga: inaona umbo, haipimi uzito

Kabla ya kutoa hela ya LISST-Holo, kamera ya leza inayozamishwa kupiga picha za chembe ndani ya maji, jiulize unatafuta umbo la chembe au uzito wake. Kama kinachotakiwa ni miligramu za tope kwa lita, vichujio, mizani nzuri na oveni ya kukaushia vitafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi. Lakini kama swali ni kitu gani hasa kinachotia maji ukungu pale Mto Sigi unapomwaga kwenye ghuba ya Tanga, iwe ni mchanga, madonge ya tope, nyuzi za majani ya mikoko au planktoni hai (viumbe vidogo vinavyoelea majini), basi vifaa vinavyojibu hapohapo majini bila kuvuruga kinachopimwa ni vichache, na hiki ni kimojawapo.

Kimetengenezwa na Sequoia Scientific ya Marekani. Ni bomba la kuzamisha lenye mwanya wa milimita 50 ambao maji hupita. Upande mmoja wa mwanya kuna leza nyekundu ya nanomita 658, upande wa pili kuna kihisi cha pikseli 1600 kwa 1200, kila pikseli ikiwa na upana wa mikromita 4.4. Lenzi ya kukuza chembe haipo. Mwanga uliopita bila kuguswa hukutana na ule uliotawanywa na chembe, na kihisi hurekodi viduara kama vya maji ya kisimani baada ya kuangushiwa kokoto; rekodi hiyo ndiyo hologramu. Programu ndiyo inayovigeuza viduara hivyo kuwa picha, tabaka baada ya tabaka. Ukiukata mwanya kila nusu milimita, ni tabaka 100 kwa hologramu moja, kwa hiyo kazi ya siku moja baharini huweza kuishughulisha kompyuta usiku kucha.

Mtengenezaji anataja ukubwa wa mikromita 25 hadi 2500. Kikomo cha chini kina sababu: chembe ya mikromita 25 hujaza pikseli zisizofika sita kwa upana, na chini ya hapo umbo halisomeki. Punje moja ya udongo wa mfinyanzi, isiyozidi mikromita 2, haionekani kabisa. Huonekana tu ikishikana na wenzake kuwa donge, na madonge ndiyo sababu kubwa ya kukitaka kifaa hiki Tanga. Punje ya mchanga ya mikromita 200 huzama karibu sentimita 2 kwa sekunde. Donge la tope la ukubwa huohuo mara nyingi halizidi milimita 1 au 2 kwa sekunde. Anayefuatilia tope linalotibuliwa kwenye njia ya meli, iliyochimbwa kutoka mita 3 hadi 13 ili meli kubwa zifike gatini, hawezi kukisia litatua wapi bila kujua analo lipi kati ya hayo mawili. Kupeleka maji maabara kwenye chupa hakusaidii sana, maana madonge huvunjika njiani au hutuama na kugandana upya. Kuyavuta kwa pampu ni vibaya zaidi.

Sasa kasoro, na kubwa kuliko zote kwa pwani yetu ni mchanganyiko wa maji ya mto na ya bahari. Koroga sukari kwenye glasi ya maji uone vile vimawimbi vinavyotambaa ndani yake. Leza huviona hivyohivyo. Maji ya mto hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.333, maji ya bahari takribani 1.339, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuijaza hologramu mistari mirefu ambayo programu huihesabu kama nyuzi za mikoko. Dawa yake ni kufunga kipima chumvi na joto kando ya kamera, kwenye kina kilekile, kisha kutupa picha zote zilizopigwa pale chumvi inaporuka ghafla. Bila kipima chumvi, takwimu za mlango wa Sigi au wa Pangani zisiaminiwe.

Inayofuata ni tope jingi. Hologramu nzuri ina viduara vinavyoachana. Vikianza kupandiana, kinachobaki ni madoadoa ya leza, na hakuna programu itakayoyatengua. Masika, mto ukishuka na rangi ya chai ya maziwa, mwanya wa milimita 50 ni mpana mno. Kuna vipande vya kuupunguza. Ukiushusha hadi milimita 10, ujazo unaoonekana kwa picha moja hushuka kutoka mililita 1.86 hadi 0.37, kwa hiyo unahitaji picha mara tano ili uone maji yaleyale, na mwanya mwembamba huweza kuyakatakata madonge makubwa. Kwa hiyo kazi ya umbo ifanyike zaidi wakati wa maji mafu na nje ya masika. Bamvua hutibua tope la chini na kuzidisha msongamano.

Ujazo huo wa mililita 1.86 watu huusahau. Picha 1000 ni lita 1.86 tu. Kama kuna yai moja la samaki katika kila lita, utegemee kuona mawili, na mawili si takwimu. Ukihesabu chembe 100 za aina moja, makosa ya bahati peke yake ni karibu asilimia 10. Mayai na viluwiluwi adimu viachiwe wavu.

Tena usipige picha haraka kuliko maji yanavyopita. Eneo linaloonekana lina upana wa milimita 7. Mkondo wa sentimita 5 kwa sekunde huuvuka upana huo kwa sekunde 0.14, hivyo picha moja kwa sekunde ni salama, ilhali 20 kwa sekunde zitaihesabu chembe ileile mara mbili au tatu. Kwa kupwa na kujaa kizima cha saa 12.4, picha moja kila sekunde 5 zinatosha. Ni picha zipatazo 8,900, na kwa megabaiti 1.92 kila moja unajaza karibu gigabaiti 17.

Kufunga si kazi ngumu. Kamera ilale ili mwali wa leza uwe mlalo. Ukiusimamisha wima, tope hutua juu ya kioo cha chini. Mwanya uelekee mkondo. Itundikwe mbali na injini ya boti, maana mapovu nayo ni chembe machoni pa kamera: meusi, ya duara kamili, na ni rahisi kuyachanganya na mayai. Ikishazama, isubiri dakika chache na kutikiswa kidogo ili mapovu yaliyonasa kwenye mwanya yaondoke.

Picha ya usuli, ile inayoondolewa kwenye kila hologramu ili zibaki chembe tu, itokane na wastani wa hologramu nyingi za maji yanayotembea. Maji yakisimama, chembe zisizosogea huingia kwenye usuli na kufutwa pamoja nao. Na usizame sana kwenye namba za kina ndani ya mwanya: chembe ya mikromita 25 huonekana kali kwa takribani milimita 1, lakini ya mikromita 100 huonekana hivyo kwa karibu milimita 20. Urefu na upana wake ni wa kuaminika; mahali ilipo kati ya vioo viwili si pa kuapia.

Uzito utafutwe pembeni. Chota maji kwenye kina kilekile, chuja nusu lita hadi lita moja kwa kichujio cha nyuzi za kioo kilichopimwa kabla, kisuuze mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, kikaushe kwa nyuzi 105 na ukipime tena. Asiyesuuza anapima chumvi akidhani ni tope.

Joto la Tanga huotesha utando kwenye vioo ndani ya siku chache. Vioo visafishwe kwa sabuni laini na karatasi ya lenzi, kisha kifaa chote kioshwe kwa maji ya bomba. Mfuniko ufunguliwe kwenye chumba chenye kiyoyozi, si ufukweni: hewa ya pwani ikifungiwa ndani hugeuka matone kwenye kioo mara bomba likifika maji ya chini yenye ubaridi, na ukungu huo hautoki hadi ulifungue tena. Oringi, yaani mpira wa duara wa kuzuia maji, ipakwe grisi ya silikoni, na ikaguliwe kwa kidole kabla ya kufunga. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji.