Niliambiwa ni sufu tupu

Mtandio nimeumaliza, na kila nikiutazama damu inanichemka. Uzi niliununua Kariakoo, kwenye duka ambalo silitaji jina, kabla baridi ya Njombe haijaanza kung'ata. Mama mkubwa ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenifundisha kufuma, kwa spoku za baiskeli alizozisugua ncha kwenye jiwe. Nilitaka nimfumie mtandio wa kanisani, mwepesi, wa vitundu, wenye joto. Kwa kazi hiyo nilitaka sufu nyembamba, ile ambayo gramu 100 zina karibu mita 800.

Nilimuuliza muuzaji mara mbili. "Kaka, hii ni sufu kweli?" Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Sufu tupu hiyo, dada. Utaniletea wateja." Nikalipa 70,000 kwa mashada mawili.

Haki yake nampa: mkononi uzi ulikuwa mzuri. Haukuchuja rangi, haukukatika hata mara moja. Mwanangu alinishikia shada kwenye viganja nikauzungusha kuwa donge, maana uzi mwembamba hivi ukiufuma moja kwa moja kutoka kwenye shada, utakesha unafungua mafundo. Nikachukua sindano za milimita 4 na muundo wa mawimbi wa visiwa vya Shetland, Uskoti. Ni mishono 18 inayojirudia: unaunganisha miwili miwili mara tatu, unafuma sita ukizungusha uzi kabla ya kila mmoja, halafu unaunganisha tena miwili miwili mara tatu. Kila nilipofika mbali kidogo nilipitisha uzi wa pamba kwenye mishono yote, ili nikikosea nifumue mpaka hapo tu. Miezi miwili, usiku, watoto wakishalala.

Sasa sikilizeni. Mtandio wa vitundu ukitoka kwenye sindano hauna sura, umejikunja kama tambara la deki. Uzuri wake unatoka majini. Unauloweka, unaukamua kwa taulo, unautandaza na kuubana kwa pini huku ukiuvuta, kisha unauacha ukauke. Shetland walikuwa wakiuvuta kwenye fremu za mbao. Sufu ikikauka imevutwa, inabaki hivyo. Nikaubana juu ya godoro, pini zaidi ya mia, Jumamosi nzima nimepiga magoti. Kesho yake nikachomoa pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukingo ukaanza kurudi. Nilipofika ya mwisho, mtandio ulikuwa umejikunja vilevile, kama haujaguswa maji.

Nikakata kipande cha uzi nikakiwashia kiberiti. Sufu ikiungua hunuka nywele, na majivu yake unayasaga kwa vidole. Hiki kilinuka plastiki, kikayeyuka, kikaacha kidonge kigumu ambacho hata kwa kucha hakivunjiki. Akriliki, uzi wa plastiki!

Nikampigia muuzaji. "Dada, uzi ni uzi. Si umeshafuma? Ungekuwa mbovu ungefumika?" Akakata simu.

Jirani yangu anayefuma sweta za shule akaniambia akriliki hutulizwa kwa mvuke: kitambaa chenye maji juu yake, pasi ya moto ipite bila kugusa. Nikajaribu, na nakiri vitundu vilifunguka na mawimbi yakaonekana. Kwa mbali unapendeza. Ila umelegea moja kwa moja, ukiuvuta haurudi, na mabegani saa kumi na mbili asubuhi haunipi joto lolote.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema duka si baya. Akriliki sina ugomvi nayo, sweta za wanangu nafumia hiyohiyo. Angesema ukweli ningenunua kwa kazi nyingine, tena ningerudi. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo nazidi kuona sina la kumtetea. Uongo wa uzi hauonekani siku unapolipa. Unaonekana siku ya mwisho, nguvu zako zote zikiwa zimeshaingia ndani. Yeye alijua, akaniacha nifume. Mimi kwake sinunui tena. Na popote mnaponunua sufu, nendeni na kiberiti, ombeni uzi shubiri moja, mkauchome nje ya duka kabla hamjatoa hela. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Mama mkubwa ameshaniuliza mara mbili mtandio wake umefikia wapi. Bado sijamjibu.