Tangi la samaki la futi nne kwenye baridi ya Mbeya: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana ndilo wengi wanaloniuliza wakiingia sebuleni kwangu. Kama unaishi Mbeya, Njombe, Makete au Mufindi na unataka samaki wa mapambo, usihangaike kuagiza tangi la kiwandani kutoka Dar. Tengenezesha kwa fundi wa vioo wa hapahapa, na hela utakayookoa uiweke kwenye hita. Samaki nao uchague kwa kuangalia baridi kwanza, rangi baadaye.

Tangi langu limetengenezwa Mwanjelwa, hapahapa Mbeya mjini, na fundi anayeishi kwa kukata vioo vya madirisha na makabati ya duka. Vipimo ni sentimita 120 kwa 45 kwa 45, yaani lita 243 likijaa hadi mdomoni, na kama 220 kwa matumizi ya kawaida. Nilimpa kazi kwa sababu ya jambo moja. Nilipouliza bei ya kioo cha milimita 6, alikataa kabla hata hajanitajia: "Mama, kwa urefu huu milimita sita ni kubahatisha. Tuweke kumi, na juu nikufungie mikanda." Mikanda ni vile vipande vyembamba vya kioo vinavyobandikwa kuzunguka ukingo wa juu ili maji yasisukume kuta zikapinda. Gundi yake ni silikoni isiyo na dawa ya kuvu, na hapo usikubali mjadala. Silikoni ya bafuni nyingi zina dawa hiyo na huua samaki. Inayofaa hunuka siki ikikauka, lakini harufu peke yake haitoshi, soma chupa. Kwa ubaridi wetu gundi hukauka polepole, hivyo tulikubaliana likae wiki nzima dukani, kisha likajazwa maji pale nje mbele yangu. Halikuvuja hata tone, na kingo zote zimesuguliwa, mtoto hawezi kujikata.

Kasoro ni mfuniko. Aliuleta wa kipande kimoja, mzito, wa kunyanyua kwa mikono miwili kila unapolisha. Nilirudisha akakata vipande viwili na kuacha kona ya kupitishia nyaya. Mwambie mapema.

Kuhusu meza: tangi kama hili likiwa na maji, kokoto na mawe linakaribia kilo 300. Fundi wa kuchomelea atakufanyia stendi ya chuma, weka ubao juu yake, halafu godoro jembamba la povu, na upime kwa pima maji kabla ya kujaza. Kabati la televisheni halifai.

Sasa hita, ambako ndiko Mbeya inaachana na Dar kabisa. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10. Ndani ya nyumba yangu, maji yasiyopashwa msimu huo hucheza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Samaki wengi wanaouzwa nchini ni wa maji ya nyuzi 24 hadi 27. Ukisoma kwenye boksi la hita utaambiwa wati 1 kwa kila lita, na hesabu hiyo ni ya chumba chenye joto, inayotaka kupandisha maji nyuzi tano tu. Kwetu kufika 26 ni kupanda nyuzi tisa. Mimi nina hita mbili za wati 200, moja kila upande. Mbili ni bora kuliko moja kubwa: moja ikifa usiku nyingine inashikilia, na moja ikigandia kwenye kuwaka haina nguvu ya kuwapika samaki kabla hujaamka. Ninazipa alama nzuri kwa utulivu, lakini namba zilizoandikwa kwenye kirungu cha kurekebishia zinadanganya kidogo, kwa hiyo kipimajoto cha pembeni ni lazima.

Gharama ya umeme ihesabu kabla ya kununua samaki. Wati 400 zikiwaka jumla ya saa 12 kwa siku ni yuniti 4.8, sawa na 144 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 kwa yuniti pamoja na makato, hiyo ni zaidi ya shilingi 51,000 kwenye LUKU. Na kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la yuniti 75 kwa mwezi, tangi peke yake litakutoa humo. Ndiyo maana nimeamua maji yangu yakae nyuzi 22. Kutoka 26 kushuka 22 kunapunguza pengo la kupasha kwa karibu nusu, na bili hushuka kwa kiasi hichohicho. Nimebandika pia povu gumu jeupe, lile la maboksi ya friji, nyuma, pembeni na chini. Hilo ni la bei ndogo kuliko kila kitu hapa na limenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Umeme ukikatika, joto la lita 220 haliondoki haraka. Nafunika tangi zima kwa blanketi. Kinachonitia hofu zaidi ni hewa. Kwa mwinuko wetu maji hubeba oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 17 kuliko Dar, yakiwa na joto lilelile. Nina pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Inunue kabla ya taa za rangi.

Maji ya bomba nayaacha kwenye ndoo siku nzima yatoe klorini, na msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, yakija na tope nayaacha yatulie zaidi. Kisha subira. Uchafu wa samaki hutoa amonia, bakteria kwenye sponji ya filta huigeuza nitriti, wengine huigeuza nitrati ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na kwenye maji baridi huchelewa zaidi. Nililiendesha tangi bila samaki kwa nyuzi 26 likiwa na chembe za chakula zinazooza, nikipima kwa dawa za matone mpaka amonia na nitriti zikasoma sifuri, ndipo nikashusha joto na kuagiza samaki. Sponji huoshwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi, kamwe si bombani. Kila wiki natoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyopashwa kidogo kwa birika.

Upande wa wauzaji nina lalamiko. Muuzaji mmoja alinishawishi nichukue "mchanganyiko", akisema wote wanaishi pamoja. Ndani ya mfuko kulikuwa na oska wadogo, goldifishi na gapi. Oska hufika sentimita 30, na gapi kwake ni chakula. Goldifishi anapenda maji ya baridi na huchafua mno. Kumuuzia mtu asiyejua mfuko kama ule ni kumuuzia vifo, na inaniuma kwa sababu mtoto ndiye anayeamka asubuhi kuwakuta. Sikuuchukua.

Niliagiza kwa mwingine wa Dar, kwa majina niliyoyataka mimi. Danio wenye milia, wanaotoka vijito vya India na Nepali, wanafurahia kabisa nyuzi 22 na wanapiga mbio juu ya tangi kutwa. Kori wa madoadoa, wenyeji wa upande wa Ajentina na Urugwai, ndio kipenzi changu: wanakaa chini kwa kundi, wanapekua mchanga kwa sharubu zao, hawamgusi mtu. Wape mchanga laini, kokoto kali zinawachubua. Hawa na danio wanataka kuwa sita au zaidi, vinginevyo wanajificha. Katikati nina plati na gapi. Hapo weka majike wawili au watatu kwa kila dume, na ujue kwamba jike huja tayari na mimba na huzaa kila baada ya mwezi hivi. Tafuta mapema mtu wa kumpa watoto hao. Niliwaingiza kwa mafungu, kori mwisho, ili bakteria wasizidiwe.

Safari ya basi kutoka Dar ilikwenda vizuri kwa sababu muuzaji alijua kazi. Aliwanyima chakula siku ya kuamkia safari, mifuko ikawa theluthi moja maji na iliyobaki oksijeni, yote ndani ya boksi la povu. Mwombe kondakta boksi likae ndani na abiria, siyo kwenye buti, kwa maana kuanzia Mafinga hadi Makambako baridi ya usiku si mchezo. Likifika, zima taa, acha mifuko ielee juu ya maji dakika 20, ongeza maji ya tangi kidogokidogo, kisha hamisha samaki kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga.

Watu hunishangaa kwamba niko saa chache tu kutoka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na sina mbuna. Nawapenda, na dunia nzima inawatafuta samaki hao wa miamba ya Ziwa Nyasa. Lakini wanataka nyuzi 24 hadi 27, maji magumu yenye pH 7.8 hadi 8.6, chakula cha mimea kwa wingi, na kila dume analinda jiwe lake kwa vita. Ukiwatia humu, gapi hawamalizi wiki. Na usiende kuwachota mwenyewe ziwani, pitia ofisi ya uvuvi ya wilaya kwanza.

Fundi wa Mwanjelwa nampa nyota tano, hita nne, muuzaji wa Dar tano. Nimeshampa fundi vipimo vya tangi la pili, la mbuna peke yao: urefu uleule, kina sentimita 50 ili mawe yapande, kioo cha milimita 12, mfuniko vipande viwili tangu mwanzo.