Transmita ya FM kwa redio ya gari lililotoka Japani

Redio nyingi zinazokuja na magari yaliyotumika kutoka Japani hupokea megahezi 76 hadi 90 pekee, ilhali transmita hii, kifaa kidogo cha kurushia muziki hadi kwenye redio ya gari, hurusha kati ya 87.5 na 108 kama vituo vyetu vya FM. Hivyo mwenye gari hubaki na upenyo mwembamba wa 87.5 hadi 90 wa kupitishia muziki wake. Kifaa huchomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kisha huunganishwa na kicheza muziki kwa waya wenye plagi ya milimita 3.5. Mjini, kituo chenye nguvu kikiwa jirani na masafa uliyochagua, wimbo humezwa na mikwaruzo, jambo linaloudhi mno. Nje ya mji sauti hutulia. Sauti ya kicheza muziki ikipandishwa hadi mwisho, besi hupasuka, kwa hiyo ipunguzwe kidogo na ya redio ndiyo iongezwe. Hata hivyo, mlio mwembamba wa kanuni, ile ala ya nyuzi katika taarabu, hupoteza mng'ao kidogo, kwani FM haibebi sauti zinazozidi kilohezi 15. Ikiwa redio yako ina tundu la AUX, yaani la kuchomekea waya wa sauti, nunua waya tu. Transmita inawafaa wasio nalo.