Vitabu vya Bwana Msa: visome kwa sauti

Kwa anayetafuta hadithi za upelelezi za Kiswahili, mimi bado namwelekeza kwa Muhammed Said Abdulla kabla ya mwingine yeyote. Namfahamu Willy Gamba, mpelelezi wa vitabu vya Elvis Musiba, na bastola zake, na nimekesha naye. Lakini Gamba nikimaliza namwazima jirani, na akichelewa kumrudisha simdai. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, simwazimi mtu.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Unguja na macho yake hayamudu tena herufi, kwa hiyo jioni nikishafunga kazi ndiye mimi msomaji wake. Kitabu kibovu kikisomwa kwa sauti kinajulikana upesi: ulimi unakwama, na msikilizaji anauliza kama chai iko tayari. Kwa Bwana Msa haulizi chai. Watu wa Abdulla wanazungumza kama watu, wanakatizana, wanazunguka, wanaficha jambo kwa heshima. Nikisoma haraka mama huniambia, “Taratibu mwanangu, huyo hapo anadanganya, msikilize vizuri.” Na kweli anadanganya!

Hapo ndipo ninapoona nguvu ya vitabu hivi. Bwana Msa, na kiko chake mkononi, hakimbizani na mtu. Anauliza, kisha ananyamaza amsikilize anayejibu. Swali lake huanzia mbali, kwenye jambo ambalo hata Najum, rafiki yake, haoni linahusu nini. Inspekta Seif ana sheria na pingu. Bwana Msa ana subira. Na anachokitafuta mara nyingi ni siri ya ukoo: nani kazaliwa na nani, nani alimuoa nani, mali ilikuwa iende kwa nani. Mambo hayo hayajachakaa. Katika mtaa wangu tu, mirathi imevunja undugu wa nyumba nilizozishonea sare za harusi.

Cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58, kikachapishwa 1960. Maiti ya mtu mwenye mali inakutwa penye mzimu, na wengi wana jibu tayari: wakubwa, yaani mizimu yenyewe, wamekasirika. Bwana Msa hakubali kwamba mzimu huua mtu. Sisemi zaidi. Kinachonishika ni jinsi kila kitu kinavyokuwa na mtu nyuma yake, mwenye haja, hofu au tamaa yake. Abdulla, mtoto wa Makunduchi, alifanya kazi idara ya afya kama mkaguzi kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948. Naamini ubwana afya ule ulimfunza kuingia majumba ya watu na kutazama, maana nyumba zake zina vyumba, ukumbi na watu wanaosikia yasiyowahusu.

Yapo yanayochosha, lazima niyaseme. Sadfa ni nyingi. Watu hukutana pale pale hadithi inapowahitaji. Na Bwana Msa akianza kufumbua fumbo, hufumbua kwa urefu, nyuzi moja moja, hadi sauti inanikauka. Binti yangu wa kidato cha pili alilalamika hapo, akisema angekuwa yeye angemtaja muuaji kwanza. Bibi yake alimkatalia: muuaji akishatajwa nani atakaa kusikiliza sababu? Mimi niko upande wa bibi. Sababu ndiyo utamu wenyewe, ndiyo maana tunarudia kitabu ambacho muuaji wake tunamjua kwa jina.

Nakala ni tatizo jingine. Ya Kisima cha Giningi niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba, karatasi zimechomoka gundi na kurasa nimezishona mwenyewe kwa uzi wa jinzi. Vitabu hivi vilisomwa shuleni Afrika Mashariki nzima, na vinastahili chapa ya herufi kubwa, iliyoshonwa vizuri, ambayo wazee wenye uoni hafifu wangeweza kuisoma wenyewe. Wachapishaji wakiifanya, nitanunua vyote saba.

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kisima cha Giningi cha 1968, uone mwandishi alivyokomaa ndani ya miaka minane. Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri vifuate. Hivi vinataka kichwa kilichotulia, usivisome ukiwa na usingizi. Mke Mmoja Waume Watatu kisome na mtu wa kubishana naye. Baada yake kuna Mwana wa Yungi Hulewa, halafu Kosa la Bwana Msa cha 1984, ambacho usikiguse kabla hujamzoea mwenyewe, kwa sababu kosa la mtu usiyemjua halikuumi.