Waleti ya Bitcoin ilivyoniachia muamala kwenye foleni, nimekasirika kweli

Jamani hii waleti mi siipendekezi kwa mtu, jina sitaji. Juzijuzi nilikusanya vijisalio vyangu 12 (vipande vidogo vya Bitcoin nilivyopokea kimoja kimoja) nivitume kwenye waleti yangu nyingine, app ikaniwekea ada yenyewe, imeandika "kawaida", nikabonyeza. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya nne bado "inasubiri"!! Nawaandikia kastama kea, jamaa ananijibu "ada umeikubali mwenyewe, subiri tu." Hata pole hakuna. Niliumia sana.

Ikabidi nijifunze mwenyewe, na ndo hasira ikazidi. Kumbe mchimbaji (yule anayethibitisha miamala na kuchukua ada) haangalii unatuma hela ngapi, anaangalia unalipa satoshi (kipande kidogo kabisa cha Bitcoin) ngapi kwa kila baiti ya ukubwa wa data ya muamala, maana bloku, yaani fungu la miamala inayothibitishwa pamoja, inabeba kama baiti milioni 1 tu kwa hesabu ya ada na inapatikana wastani kila dakika 10, so anaanza na wanaolipa vizuri kwa baiti mpaka ijae. Muamala wangu ulikuwa na baiti kama 890 kwa sababu ya vile vijisalio 12, kila kimoja kinaongeza uzito, nimelipa satoshi 1,780, yaani 2 kwa baiti. Mwenye muamala mdogo wa baiti 141 akilipa 1,700 tu ananipita, na kalipa kidogo kuliko mimi! App inayajua haya yote, ingeshindwa nini kuniambia foleni imejaa?

Kitufe cha kuongeza ada muamala ukikwama? Hakuna. Kilichoniokoa ni kwamba hela ilikuwa inaenda kwangu mwenyewe, nikaitumia ileile ambayo haijathibitishwa kutoka waleti ya pili kwa ada kubwa, mchimbaji akitaka ada ya mtoto (huu muamala mpya) lazima amchukue na mzazi (ule uliokwama), anapiga hesabu ya wote wawili pamoja. Jumla kama satoshi 15,000 kwa baiti 1,000, na bloku iliyofuata yote miwili ndani. Nilipiga kelele nyumbani.

Wachimbaji siwalaumu kabisa, utaratibu wao uko wazi. Na sijui, labda nimeikaba sana hii waleti, miaka yote haijawahi kunipotezea hata satoshi moja, wakiweka kile kitufe naweza kurudi... ila nikikumbuka lile jibu la "subiri tu", hapana, nishaifuta.