"Kwani utapasuka?": ofisi ya Kisumu iliyonipangia mbizi ya Kisite

Ukiwa mkazi wa Kisumu na umeingiwa na hamu ya kwenda kuzamia kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kule Shimoni, usitume hata shilingi moja kwa ofisi ya safari kabla ya kuuliza swali hili: nikitoka majini, napanda ndege baada ya muda gani? Kisha nyamaza usikilize. Mimi niliuliza. Jibu nililopewa ndilo limenifanya niandike haya usiku huu badala ya kufunga hesabu za duka.

Jina la ofisi silitaji. Wenye mji watajijua.

Kazi yangu ni kuwauzia gesi mafundi wa kuchomelea, karibu na Kibuye. Mitungi ndiyo maisha yangu. Najua mtungi unaovuja kwa kuusikiliza, na najua mteja anayetaka kunirudishia mtungi usio wangu. Kuzamia nilijifunza pwani ya kusini, baada ya kusumbuliwa sana na watu wa nyumbani waliosema mwanamke wa ziwani anayelipa pesa kutumbukia kwenye maji ya chumvi ana lake jambo. Nina cheti cha kushuka hadi mita 18. Kwa hiyo sikuingia ofisini mwao kama mtu anayeomba kuelimishwa. Niliingia kununua tiketi, gari na chumba, basi.

Kijana wa mezani alikuwa nadhifu, tai imekaa sawa, simu mbili mbele yake. Akanifungulia mpango wao wa bahari: treni kutoka Nairobi hadi Mombasa, siku ya kuzunguka nchi kavu, mapango ya watumwa pale Shimoni, kisiwa cha Wasini na chakula cha mchana, kisha siku ya mwisho asubuhi kuzamia Kisite, alasiri ndege Mombasa hadi Nairobi na jioni Kisumu. "Unalala kitandani kwako, madam," akaniambia, kama mtu anayenipa zawadi.

Nikamwambia huo mpango uko kichwa chini miguu juu. Kuzamia kuje mwanzo, mapango na Wasini yabaki mwisho. Akauliza kwa nini. Nikamweleza.

Nitaeleza na hapa pia, maana inaonekana mji mzima hatuna anayejali. Kwenye ule mtungi wa mgongoni hamna oksijeni tupu, ingawa yeye aliita "mtungi wa oksijeni" mpaka nikataka kumziba mdomo. Oksijeni tupu naiuza mimi, na ukiivuta chini ya kina cha mita sita hivi inaweza kukutia kifafa humo humo majini. Ndani ya mtungi wa mzamiaji wa kawaida mna hewa hii hii tunayoivuta, ila imeshindiliwa, na sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Ukishuka mita 10 baharini, presha inakuwa mara mbili ya ile ya juu. Ukifika mita 18, inakaribia mara tatu. Naitrojeni inapenya kwenye damu na nyama za mwili kwa kiasi kile kile inachosukumwa. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi na huna habari. Lakini bado unabaki na salio ndani, na salio hilo linahitaji saa nyingi kuisha.

Sasa ukiwa na salio hilo ukapanda ndege, presha ya humo ndani si ya ufuoni. Ni kama umesimama kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Gesi iliyobaki inaanza kutoka kwa fujo na kufanya viputo ndani ya mwili. Wengine maungo huuma, wengine ganzi, wengine hupooza. Alikuwa na chupa ya soda mezani. Nikamwonyesha: hiyo ikiwa imefungwa, unaona povu lolote? Nilitamani niitikise niifungue juu ya tai yake, lakini mama yangu alinilea.

Kanuni yenyewe si siri. Ukizamia mara moja, kaa angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukizamia mara kadhaa, au siku mfululizo, ngoja 18, na wengi huenda hadi 24 kwa kujihakikishia. Yeye alikuwa amenipa muda wa kuoga na kula biriani.

Na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Mtu wa Mombasa akisahau hili nitamsamehe kidogo, kwa sababu mteja wake akitoka majini anarudi nyumbani kwa miguu, usawa ule ule wa bahari. Sisi nyumbani kwetu ndiko mlimani! Kisumu yenyewe, huku chini tunakolalamikia joto, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Nairobi inapita 1,600. Hata ukisema ndege basi, nipande basi la usiku, utapanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha Limuru, kisha Mau Summit ambako masikio huziba hata ya mtu ambaye hajawahi kuona bahari. Ofisi inayouza bahari kwa watu wa Kisumu, Kericho na Nakuru ingepaswa kulijua jambo hili kuliko ofisi zote za nchi hii. Ndilo jambo la kwanza kupanga. Chumba na chakula baadaye.

Akanijibu nini? "Lakini madam, wazungu wanapanda kila siku na hawalalamiki." Nikamwambia nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, wazungu unaowasema wamepangiwa na watu wanaojua. Akacheka, akasema sawa, tutarekebisha, tuma tu pesa ya kushikilia nafasi. Nikatuma kwa M-Pesa. Akaandika kwenye daftari, nikamwona kwa macho yangu: mbizi mwanzo, Wasini mwisho.

Tiketi na ratiba vikaja kwa WhatsApp usiku wa kuamkia safari. Mbizi mwisho, ndege alasiri ile ile. Hakuna herufi iliyobadilika. Nikapiga simu, haikushikwa. Nikaandika ujumbe mrefu wa adabu, nikajibiwa kwa kidole gumba. Nikaandika wa pili usio na adabu. Kidole gumba tena.

Safari yenyewe sina la kusema sana. Treni ni treni. Dereva aliyetupokea Miritini na kutuvusha Likoni alikuwa mtu wa maana, gari safi, haendeshi kama anafukuzwa, na ndiye aliyenishauri nisiingie kwenye mapango na viatu vya kuteleza. Mapango yanatia huzuni, nendeni mkaone wenyewe. Wasini kaa wake ni mkubwa kuliko bei yake. Kwa haki, hata msimu walipatia: tulikwenda kaskazi ikivuma, bahari imetulia, si kusi ya Juni hadi Agosti ambapo maji hucharuka na chini huoni mbali. Hilo nawapa.

Asubuhi ya siku ya mwisho tulikuwa gatini Shimoni. Kiongozi wa wazamiaji, mtu mzima wa huko huko, anasema polepole, kabla hajatupa hata miwani akatupanga akauliza kila mmoja: "Unaondoka pwani lini, na kwa nini?" Kwa usafiri gani, alimaanisha. Mimi sikujibu, nilimpa simu asome tiketi mwenyewe. Akaisoma, akaisoma tena, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, uniwie radhi. Leo mtungi sikupi."

Nikaanza kumweleza kwamba najua, kwamba niliwaambia, kwamba waliandika kwenye daftari. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe unajua, mama, na mimi najua. Lakini ndege haijui. Una njia mbili. Uje nasi uogelee juu juu na mrija, uwahi ndege yako. Au uzame na sisi, ulale pwani leo, uende bara kesho jioni."

Nikaenda pembeni nikapiga simu Kisumu. Safari hii kijana alishika. Nikamwambia niko gatini nimenyimwa mtungi kwa sababu ya tiketi yake, abadilishe ndege sasa hivi kwa gharama yao. Nanukuu alivyosema, maana abiria mwenzangu alisikia na akashika kinywa: "Mathe, si uzame tu halafu uruke. Hizo ni stori za darasani. Kwani utapasuka?"

Kwani utapasuka.

Mimi nina mtoto wa umri wake. Na kazi yangu ni kuuza vitu vinavyopasuka, kwa hiyo huwa siulizi swali hilo kwa mzaha. Nikakata simu. Nikalipa chumba cha ziada, nikalipa kubadilisha tiketi, kwa pesa yangu, nikiwa nimesimama juani na intaneti inakatika, huku wazamiaji wengine wakinisubiri bila hata mmoja kununa. Baharia mmoja akaniletea maji ya dafu bila kuulizwa.

Ndipo nikazama. Na hapa mtanisamehe nikisahau hasira kidogo. Njiani pomboo walituzingira, wakawa wanaruka mbele ya chombo. Chini, maji yalikuwa meupe kiasi kwamba niliona kivuli changu juu ya mchanga. Kasa alikuwa amelala chini ya mwamba, akafungua jicho moja, akalifunga. Pono walikuwa wanatafuna matumbawe, na kumbe unawasikia kabisa, kru kru kru, kama mtu anakula mahindi ya kukaanga karibu na sikio lako. Mkunga alitoa kichwa tunduni akatukodolea mdomo wazi. Sehemu ya Kisite hakuna uvuvi hata kidogo, huku Mpunguti wenyeji wanaruhusiwa kuvua kwa njia za asili, na tofauti unaiona kwa samaki wenyewe: chewa wa Kisite hana haraka na mtu. Tulipopanda, kiongozi alituambia kwamba joto la bahari la mwaka 1998 liliyafanya matumbawe mengi ya pwani yetu kuwa meupe na kufa, ndiyo maana anakuwa mkali mtu akigusa hata kwa pezi. Nikamkumbuka kijana wangu alivyoniambia nimletee "kipande cha matumbawe cha kuweka ofisini". Ndani ya hifadhi! Kutoa hata kombe tupu ni kosa, na yeye anaagiza la mapambo.

Lakini nakiri, nikiwa nimekaa kwenye chombo tunarudi, nywele zimejaa chumvi, ningeipa hii safari nyota tano, ofisi na kila aliyehusika. Hata yule kijana. Nilifikiria labda nimekuwa mkali mno, labda ni mgeni kazini, labda alikosa mtu wa kumfundisha. Bei yao haikuwa mbaya. Chumba walichochagua kilikuwa na chandarua kisicho na matundu. Nikasema nikifika nitaenda nimweleze kwa upole.

Nikafika. Nikaenda kwa upole. Nikakuta wameniandikia bili: "ada ya kubadilisha ratiba kwa hiari ya mteja."

Kwa hiari ya mteja! Nikaomba daftari. Daftari limejaa, lingine limeanzishwa, la zamani liko "kwa bosi". Bosi akatoka, mama wa heshima zake, akaniita dada, akanikalisha, akaagiza chai. Nilimwonyesha zile jumbe zangu na vidole gumba vyote. Alinyamaza sana. Alisema bili ataifuta, na kweli aliifuta mbele yangu. Kuhusu chumba cha ziada na pesa ya tiketi akasema ataongea na mhasibu. Mhasibu mpaka leo bado anaongewa naye.

Kwa hiyo niseme nini kwa anayeuliza kama awaendee? Kwa Mara, kwa Nakuru kuona heroe, kwa chochote kilicho nchi kavu, nendeni, dereva wao ni hazina. Kwa bahari, pigieni wazamiaji wa Shimoni au Diani moja kwa moja, pangeni ninyi wenyewe, mbizi siku za mwanzo, na siku ya mwisho mle kaa. Ada ya hifadhi hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori, kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, haihitaji ofisi ya mtu wa kati. Na kama ni lazima upitie ofisi, hakikisha mpango umeandikwa na nakala unayo wewe.

Nilianza na nyota moja. Nikaongeza ya pili kwa ajili ya dereva na ile chai. Jana nimepita pale nikamwona kijana kupitia kioo cha dirisha, anamwonyesha mteja mwingine picha ya kasa kwenye simu, na kwenye meza ile ratiba ya zamani, mbizi mwisho. Nimeirudisha kuwa moja. Yule mteja nilimsubiri nje.